Wenye Ngumi Wasimame

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Kobe,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto. Sisi huku tupo, siku zinakwenda. Goti la Mama la kushoto bado linamtesa, na akienda bafuni lazima nimshike kiunoni, lakini mdomo wake haujaumwa hata siku moja. Jana ameniambia napika kama mtu aliyelazimishwa. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia una kazi nyingi. Jibu hilo nimelitoa mara nyingi mpaka siku hizi yeye ndiye analimalizia kabla sijafika mwisho.

Ningekupigia simu, ila ya ofisini kwako anapokea katibu muhtasi, ananiuliza mimi ni nani na nina shida gani. Dada wa mtu hawezi kujibu maswali hayo bila kukasirika. Ndiyo maana naandika.

Lililonikalisha chini ni hili. Wiki iliyopita tulikaguliwa. Alikuja yule tunayemwita Kalamu Mbili. Ana ya bluu ya kuandikia mazuri na nyekundu ya kuandikia mabaya, na ile ya bluu hatujawahi kuiona ikivuliwa kifuniko. Alikaa nyuma ya darasa langu dakika kumi na nane, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Darasa la tatu, watoto sitini na mmoja, walikuwa wanasoma kwa sauti. Alipekua andalio la somo, akakagua kucha za watoto wawili, akatoka. Siku ya tatu nikaletewa ripoti. Nakunakilia neno kwa neno: "Mwalimu anafundisha kwa mazoea. Ubao umejaa kupita kiasi. Darasa lina kelele zisizo na tija. Hairidhishi."

Miaka thelathini na tano kazini, halafu hivyo. Nilisimama ofisini kwa mwalimu mkuu uso ukaniwaka, nikajihisi kama niliyezabwa kofi mbele ya wanafunzi. Nimeumia, sikufichi.

Daraja unazijua: Bora, Wastani, Hairidhishi. Ukipata Hairidhishi mbili ndani ya mwaka mmoja unaondolewa darasani, unapelekwa stoo kugonga mihuri kwenye vitabu mpaka ustaafu. Nimebakiza miaka minne. Sitaki kuimalizia stoo. Sijui kazi nyingine isipokuwa kusimama mbele ya watoto, na sina hamu ya kujifunza nyingine leo.

Chini ya fomu pana sehemu ya "Maoni ya mwalimu", mistari mitatu. Mwalimu mkuu amebandika jibu ukutani ili tusipoteze muda: "Nimeyapokea, nitayafanyia kazi." Sote tunanakili hilo hilo. Nami nimelinakili.

Sasa niambie wewe, mkaguzi mwenzake, unayeyaandika maneno hayo kila siku. Kelele zisizo na tija ni zipi? Na akirudi nifanyeje?

Dada yako.


Tarehe 1 Machi

Dada,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu. Mtoto wa kwanza amefaulu kwenda sekondari. Msalimie Mama, mwambie nitakuja mambo yakitulia.

Kuhusu ripoti, usiichukue kama tusi. Ripoti ni kioo. Mkaguzi hamkagui mtu, anakagua utendaji. Ukisoma kwa utulivu utaona kwamba mwenzangu ametumia lugha ya staha. Kelele zisizo na tija ni zile ambazo mkaguzi, akiwa amekaa nyuma, hawezi kuzihusisha na lengo la somo. Akirudi, andika lengo juu ya ubao kwa herufi kubwa, uliza maswali mengi, na hakikisha watoto wengi wanainua mikono. Ushiriki una alama nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna jambo unaweza kunisaidia. Mwezi ujao kuna semina ya wakaguzi wote, na nimepewa mada: jinsi walimu wanavyojiandaa kwa ukaguzi. Ya kwenye makabrasha ninayo. Ya darasani yamenitoka, ni miaka mingi. Niandikie mifano hai, bila woga, kama dada na mdogo wake. Itabaki baina yetu. Mada ikipokelewa vizuri, kuna nafasi ya juu hapa makao makuu ambayo bado haijajazwa.

Nakuomba pia uliache lile jina la utotoni, Kobe. Barua zangu zinafunguliwa masjala kabla hazijafika mezani kwangu. Ukiandika, weka neno "Binafsi" juu ya bahasha.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu Binafsi,

Hilo jina je, linafaa? Haya, nimeacha. Salamu kwa wifi, na mwambie mwanangu wa sekondari kuwa shangazi yake anamtakia mwandiko mzuri, maana akili za kwao anazo.

Nilimsomea Mama barua yako. Niliongeza sentensi mbili ulizosahau kuandika, kwamba unamkumbuka na kwamba hilo goti lake linakunyima raha. Alifurahi sana. Akasema siku hizi unaandika vizuri.

Mifano unayo tele, sikiliza ucheke. Mwalimu wa darasa la nne ana daftari moja safi la mtoto mwenye mwandiko wa kitabu. Mkaguzi akiingia, daftari hilo linapitishwa chini ya madawati, linamtangulia kila anapoinama. Mwalimu wa hesabu anafundisha somo la jana. Watoto wanajibu kabla hajamaliza kuuliza, na mkaguzi anatoka akidhani amepita kwa wateule.

Mimi nina ngumi. Mtoto anayejua jibu anainua mkono vidole vimenyooka. Asiyejua anainua ngumi. Nikiuliza swali, darasa zima linaota mikono kama mahindi yaliyopata mvua, nami nawachagua wenye vidole tu. Mkaguzi anaona mikono sitini na mmoja hewani, anaandika ushiriki mzuri. Kalamu Mbili alinikuta kwenye kusoma kwa sauti, laiti angenikuta kwenye maswali angeivua kifuniko hata ile ya bluu.

Lakini usicheke ukaishia hapo. Nusu ya pili ndiyo kazi yenyewe. Ngumi si za siku ya ukaguzi, nazitumia kila siku. Mtoto akiinua ngumi ananiambia, "Mwalimu, sijaelewa," na hakuna jirani wa kumcheka kwa sababu mkono wake uko juu sawa na wa wenzake. Nawahesabu kimya kimya. Kengele ya mapumziko ikilia, wenye ngumi wanabaki nami pale kwenye bomba la maji, tunarudia mpaka vidole vifunguke. Mwanzo wa mwaka huwa thelathini na kitu. Mwisho wa mwaka hubaki watatu au wanne.

Mwaka huu ninaye msichana mmoja, mdogo kuliko dawati lake, namwita Sisimizi. Mama yake ni fundi cherehani kwenye kile chumba cha kona karibu na shule. Alikuja hasemi kabisa. Ameinua ngumi wiki saba mfululizo. Jumanne niliuliza herufi, akainua ngumi, akaitazama mwenyewe, kisha akafungua kidole kimoja. Kimoja tu. Nikamwita, akasoma silabi mbili. Niligeukia ubao nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Ngumi zilianzaje, unajua mwenyewe. Sina haja ya kukukumbusha.

Dada yako.


Tarehe 2 Juni

Dada,

Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi. Hatujambo. Semina ilikwenda vizuri sana, watu walicheka na kuandika. Ile nafasi nimeipata. Sasa ripoti zote za Hairidhishi ya pili kutoka kila upande zinapita mezani kwangu ili zithibitishwe. Ni dhamana kubwa.

Ahsante kwa mifano. Ilinisaidia kiasi.

Msalimie Mama.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Hongera kwa cheo. Mama alipiga vigelegele kitandani mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Amesema nikuandikie kwamba marehemu Baba angefurahi. Haya, nimeandika.

Kalamu Mbili amerudi. Alikuja Alhamisi, somo la kwanza, na safari hii hakukaa nyuma. Alisimama mbele, kando ya meza yangu, akaniambia niendelee. Nilikuwa nimefanya ulivyoniagiza. Lengo liko juu ya ubao, herufi kubwa. Nikauliza nani atasoma sentensi ya pili. Mikono ikaota. Nikamchagua mmoja, akasoma vizuri sana.

"Ngoja kidogo, Mwalimu," akasema Kalamu Mbili. Akawageukia watoto, akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku hiyo. "Wenye vidole, shusheni mikono. Wenye ngumi wasimame."

Watoto wanatii, mdogo wangu. Ndiyo kazi niliyowafundisha. Wakasimama ishirini na wawili, ngumi bado ziko juu, wananitazama mimi kuona kama wamefanya vizuri. Akapita kati yao akihesabu, anagusa kila kichwa kwa kalamu nyekundu. Alipomaliza akamnyooshea kalamu aliye mdogo kuliko wote.

"Wewe. Njoo usome."

"Mheshimiwa, huyo ndiyo kwanza anaanza kushika," nikasema. "Kama utaniruhusu nimchague..."

"Sijakuuliza, Mwalimu. Mwezi wa sita huu, atashika lini?"

Sisimizi akaenda ubaoni. Herufi alizokuwa anazijua Jumatano, Alhamisi zilimkimbia zote. Darasa likawa kimya. Huo ndio ukimya wenye tija, nadhani, maana Kalamu Mbili hakuulalamikia. Mtoto alisimama pale dakika nzima, na ngumi yake ilikuwa bado juu, amesahau kuishusha. Kisha nikaona maji yanamshuka mguuni, yanaingia kwenye soksi. Mmoja akacheka. Halafu wakacheka wote, wenye vidole na wenye ngumi wenzake. Kalamu Mbili akaandika.

Nilivua sweta langu nikamfunga kiunoni. Hajarudi shule tangu siku hiyo. Nilikwenda kwao, nikamkuta amejikunyata chini ya meza ya kukatia nguo, kati ya vitambaa. Nilipoinama kumwita, alificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mama yake hakunitukana. Aliendelea kukanyaga cherehani, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwambia ainue." Afadhali angenitukana.

Ripoti ni fupi: "Mwalimu anawafundisha watoto udanganyifu. Hairidhishi." Ni ya pili. Kwa hiyo inakuja kwako.

Kinachonila ni kimoja. Amejuaje? Wakaguzi wamepita darasani kwangu miaka thelathini na tano, hakuna aliyewahi kuziangalia ngumi. Nimewafikiria walimu wenzangu mmoja mmoja, nikawachukia kwa zamu. Leo mwalimu wa hesabu amenisalimia sikuitika. Nimemshuku yeye zaidi, kwa sababu darasa lake liko karibu na bomba.

Nijibu mapema, tafadhali.

Dada yako.


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Hukujibu. Mama hajambo. Goti ni lile lile.

Mwalimu mkuu amebandika waraka mpya ofisini kwa walimu, pale ukutani juu ya birika la chai. "Mbinu za Udanganyifu Zinazotumiwa na Walimu Wakati wa Ukaguzi." Nilikuwa namimina chai nikaona ukurasa wa tatu, mbinu ya nne. "Darasa zima linaota mikono kama mahindi yaliyopata mvua." Kikombe kikajaa, kikafurika, chai ikaniunguza vidole na sikusikia.

Mahindi yangu. Hukubadilisha hata mmea.

Nikausoma mpaka mwisho nikitafuta bomba la maji. Nikatafuta kengele ya mapumziko. Nikatafuta mtoto aliyefungua kidole kimoja. Hakuna. Umekata palepale nilipokuambia usiishie. Chini ya ukurasa ipo sahihi yako, na chini yake cheo kipya. Baba alikuwa akikukuta umeduwaa juu ya kitabu anakutania, "Ukiona kobe ameinama, anatunga sheria." Sote tulikuwa tunacheka. Sikujua kama sheria yenyewe itakuja kuwa hii.

Nimemwomba radhi mwalimu wa hesabu. Ameniuliza ya nini, nikashindwa kumwambia, maana aibu ni ya nyumbani kwetu. Mama hajui. Kwake wewe bado ndiye mwanawe mwenye cheo, na mimi ndiye ninayepika kama niliyelazimishwa.

Sikuombi uniombe radhi. Nina ombi moja. Ripoti ipo mezani kwako. Andika pembeni yake ile nusu ya pili, useme ngumi ni ya nini na anayeinua ngumi anafanywa nini kengele ikilia. Huwezi, basi usiisaini, mpe mwingine. Ukiisaini nakwenda stoo, na wale ishirini na wawili hawatakuwa na wa kubaki nao kwenye bomba.

Dada yako.


Tarehe 28 Julai

Dada,

Natumai hamjambo. Nimesikitishwa na lugha ya barua yako.

Naomba tuelewane. Mfano uliutoa mwenyewe, kwa hiari yako. Sikukutaja popote, wala shule yako. Kwa hiyo sioni nimekudhuru vipi. Nusu ya pili niliiacha kwa ajili ya nafasi, kila mbinu ilipewa mistari mitano. Isitoshe, kwa mkaguzi, lililo muhimu ni kile kinachoonekana ndani ya kipindi. Yanayotokea kwenye bomba wakati wa mapumziko hayamo kwenye fomu.

Hapa ofisini hakuna anayejua kwamba sisi ni ndugu. Nikianza kuandika pembeni ya ripoti ya mtu mmoja, wataanza kuuliza maswali. Nikiipeleka kwa mwingine, wataniuliza kwa nini. Hilo halikusaidii wewe wala mimi. Kwa hiyo nimeithibitisha kama nyingine zote. Ningefanya tofauti ningekuwa nimepindisha haki.

Stoo si kaburi. Utapumzisha sauti na miguu. Wapo walimu wa umri wako wanaoiomba.

Ripoti itarudi kwako uijaze maoni na kuisaini. Nakushauri uandike lile jibu la kawaida, mambo yaishe. Kuhusu yule mtoto usijali sana, watoto wanasahau haraka.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Septemba

Dada yangu mpendwa sana,

Uhali gani, na Mama je? Goti lake linaendeleaje? Nimekuwa nikilifikiria sana. Hapa kuna daktari wa mifupa anayesifiwa, nataka nije mwenyewe nimchukue Mama, akae kwangu hata miezi miwili. Mke wangu amekubali. Watoto wanauliza habari za shangazi yao kila siku.

Dada, kwa nini umenifanyia hivi?

Ripoti yako ilifunguliwa masjala Jumatatu asubuhi. Kufika saa nne kila meza ilikuwa imeisoma. Nimeyakariri maneno yako bila kutaka. Mstari wa kwanza: "Ngumi niliibuni mwaka wangu wa kwanza kazini kwa ajili ya mtoto mmoja wa darasa la tatu asiyejua kusoma, ili mkaguzi asimwaibishe." Wa pili: "Mtoto huyo ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilimfundisha kusoma kwenye bomba la maji, naye ndiye aliyeandika waraka na kuithibitisha ripoti hii." Wa tatu: "Nimeyapokea, nitayafanyia kazi."

Huo wa tatu ndio wanaoucheka zaidi. Mhudumu wa chai, mtu ambaye hajawahi kunisemesha, ananiuliza kama nimeyapokea. Jana kikaoni niliuliza nani ana swali. Mtu mmoja nyuma akainua ngumi. Akafuata mwingine, na mwingine. Nilisimama pale mbele yao na karatasi zangu, sikujua niangalie wapi. Hujui ilivyo, kusimama hivyo watu wakikucheka.

Mkurugenzi amenipa siku kumi na nne nieleze kwa nini sikusema kuwa wewe ni dada yangu. Nikishindwa, cheo kinaondoka, na pengine kazi pia. Mwanangu ndiyo kwanza ameingia sekondari.

Unaweza kunisaidia kwa karatasi moja tu. Mwandikie Mkurugenzi kwamba ulikuwa na hasira. Sema umri na shinikizo la damu vimekuchanganya kidogo, ukaunganisha mambo ambayo hayakuwepo. Hakuna atakayekulaumu, mtu wa umri wako. Wewe tayari uko stoo, hupotezi kitu.

Dada, ulinificha mara moja nilipokuwa mtoto. Nifiche tena.

Mdogo wako,
Kobe.


Tarehe 17 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka stoo ya vitabu. Kuna dirisha moja, lipo juu na lina nondo, na ukuta wa upande wa kulia ndio wa darasa langu la zamani. Nasikia kila kitu. Mwalimu mpya amepata Bora. Anauliza swali, anayejua anajibu, asiyejua anakaa. Jana aliuliza swali moja mara tatu na sikusikia hata dawati likilia. Nilikuwa na muhuri mkononi, nikaona nimeinua mkono mimi mwenyewe, peke yangu humu ndani, kama punguani.

Sisimizi hajarudi. Mama yake amemfundisha kushona vifungo. Anashona vizuri, nasikia, na hasemi.

Barua yako nimeikagua. Salamu zimeboreka sana, hasa goti la Mama, ambalo umeliuliza kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mwandiko unasomeka, mwalimu wako wa kwanza alijitahidi. Lengo la barua halikuwekwa juu, limefichwa mpaka mwisho. Mtoto hakutajwa popote. Umeeleza kwa kirefu ilivyo kusimama mbele ya watu wakikucheka, lakini ya kwako tu. Hairidhishi. Chini nimekuachia mistari mitatu ya maoni, usizidishe.

Mkurugenzi sitamwandikia. Sijachanganyikiwa, na shinikizo la damu sina, uliza hata Mama. Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unatetemeka mpaka dawati linagonga sakafu. Ningekuficha tena mara mia kwa sababu hiyo. Leo una miaka arobaini na minne, na safari hii aliyekuwa anatetemeka ni mtoto mwingine, nawe ulikuwa na kalamu mkononi ukamwacha. Nilikupenda kuliko watoto wote niliowahi kuwafundisha. Nakwambia ili ujue ulichokitupa.

Mama aliiona bahasha, akataka nimsomee. Miaka yote nimekuwa nikikuongezea maneno. Safari hii sikuongeza hata nukta. Nilimsomea barua yako kama ilivyo, nikamsomea waraka, nikamsomea ripoti na ile mistari mitatu. Alisikiliza huku anasugua goti. Kisha akaniuliza, "Ina maana Kobe hajajua kusoma mpaka leo?"

Nikamwambia anajua, Mama, anasoma vizuri tu. Ila anaishia nusu.

Dada yako.

Maoni ya mkaguliwa:
..........................................
..........................................
..........................................